Evaresta na Wachache wa Kamuli

Nitakusimulia jambo ambalo hutaliamini, na sikulaumu. Mimi nilikuwepo, nilisimama katikati yake kwa miguu yangu hii miwili, na bado kuna asubuhi naamka nikijiuliza kama kweli lilitokea. Jambo lenyewe ni hili: siku moja, hapahapa Ihanda, mimi Mutalemwa nilisema ukweli mtupu, na ukweli huo nusura umwaibishe dada yangu mbele ya wakwe.

Umeanza kucheka. Subiri kwanza.

Dada yangu anaitwa Evaresta. Haya nayaandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda uani kwake, yeye yuko hapo mbele yangu anamenya ndizi, na kila nikijaza ukurasa ananiambia nimsomee. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Lakini masikio, waitu, masikio yake yanasikia uongo hata kabla haujatoka kwenye kalamu. Kwa hiyo utanivumilia nikienda polepole. Naandika chini ya ulinzi.

Shule yeye aliishia darasa la nne. Mimi niliishia la sita, tena kwa hiari yangu, la saba nililiona halina jipya. (Hapo ameguna, lakini hajasema kitu, tunaendelea.) Mume wake alitangulia mapema akamwachia binti mmoja, Joanitha, na shamba la migomba na kahawa linaloanzia nyuma ya jiko na kushuka hadi bondeni. Kutoka shamba hilo alimsomesha Joanitha mpaka akawa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Watu wengi wangetosheka na sifa hiyo. Dada yangu ana nyingine kubwa zaidi. Kwa miaka thelathini, hapa kwetu Ihanda, hakuna harusi, ubatizo, kipaimara wala msiba ambao Evaresta alipika na chakula kikapungua. Na hakijawahi kumwagwa pia. Kimetosha tu. Thelathini, na nimeandika thelathini kwa sababu ndivyo ilivyo, usinitazame hivyo.

Watu humuuliza siri yake. Wanadhani ni chumvi, au ni kuni. Siri yake ni kwamba Evaresta hajui kupika kuliko wanawake wengine, anajua kusikia. Mtu akikwambia "kidogo", wewe unasikia kidogo. Evaresta anasikia nani amesema, kwa nani, akiwa amesimama au amekaa.

"Mgeni akisema niongeze kidogo tu," huwaambia wasichana wanaojifunza kwake, "mjazie. Akisema nimeshiba, mwongezee kidogo. Akisema basi, basi kabisa, huku ameshika sahani kwa mikono miwili, huyo bado ana njaa. Ila akifunika sahani kwa kiganja, mwache, huyo ameshiba kweli."

Katekista akisema ana maneno machache, Evaresta huongeza kuni mbili, kwa sababu ibada itachelewa kutoka. Mwenyekiti wa kitongoji akisema watu ni wengi, hupunguza, maana mwenyekiti huwahesabu na waliotuma udhuru. Wanywaji wa rubisi wakisema wamekunywa kidogo, hatutaongea habari zao. Na kwa ajili yangu mimi, mdogo wake wa tumbo moja, alitunga kanuni yake peke yake, na akawafundisha watoto wote wa ukoo tangu wakiwa wadogo:

"Neno la Mutalemwa gawanya kwa nne."

Kanuni hii ilizaliwa siku nilipotoka kwenye mto Kagera nikasema nimeona viboko arobaini. Akafunga safari ya kwenda kuona, mwanamke yule! Alirudi akasema ameona kumi, na katika hao kumi wengine walikuwa mawe. Tangu hapo nikisema nimelima ekari nne, ananipongeza kwa moja. Nikisema nimeumwa wiki nzima, ananiletea uji wa siku mbili. Uchungu wa jambo hili ni kwamba karibu kila mara hupatia.

Sasa kuna mambo mawili lazima nikueleze, vinginevyo utapotea.

La kwanza ni kahawa. Kwetu mgeni hapewi maji wala soda kabla ya kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani ya harufu zikaanikwa. Zinapitishwa katika kikapu kidogo chenye kifuniko. Mgeni anachukua punje mbili. Moja ni ya mkiwa, tatu ni ulafi. Mbili ni udugu, maana ndivyo zinavyolala ndani ya tunda moja. Na kwetu pia watu hawahesabiwi. Ukipita ukinyooshea watu kidole, mmoja, wawili, watatu, wazee watakufukuza, unawaitia maafa. Evaresta aliyaweka mambo hayo mawili pamoja. Kikapu chake huingia na punje mia moja kamili. Kikirudi jikoni hutazama zilizobaki, akatoa, akagawa kwa mbili, basi. Hajamhesabu mtu, amehesabu kahawa. Kabla mgeni hajatema ganda, mpishi ameshajua mikungu mingapi.

La pili ni sahani ya bluu. Ni ya bati, imebanduka rangi pembeni, na ni yake mwenyewe. Watu wote wakishapakuliwa, na wapishi wenzake, na mbwa wa jirani, ndipo huichukua na kukwangua vyungu. Ikipata kitu, chakula kimetosha. Ikitoka tupu, hakikutosha, hata kama wageni wameondoka wakipiga vigelegele hadi barabarani. Miaka thelathini haijawahi kutoka tupu. Wasichana hucheka kwamba mama huyu anajipimia tumbo lake. Hawajui. Mimi nimemwona akiitazama ile sahani kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Basi Joanitha akapata mchumba. Kijana anaitwa Jovitus, bwana shamba, kwao Kamuli, wilaya ya Kyerwa. Kijana mzuri, ana aibu, ananiamkia shikamoo hata nikiwa nimempa mgongo. Ikapangwa siku ya wao kuja kujitambulisha, Jumamosi, saa sita mchana. Mwaka jana tu, msimu wa kahawa ulipokwisha.

Kwa mara ya kwanza Evaresta angepika kwa ajili ya mlango wake mwenyewe. Akanyamaza wiki nzima. Nikamwuliza kulikoni.

"Nimepikia mabinti wa watu," akasema. "Kikipungua kwao, wangesema Evaresta alikosea. Kikipungua kwangu, watamwambia Joanitha, huko Kamuli, kila siku atakayosonga ugali, kwamba kwao kuna mkono mfupi. Hata akizeeka watamwambia."

Nikaelewa. Aibu ya chakula huolewa pamoja na bibi harusi.

Shida ikaja na ujumbe. Jovitus alimwandikia Joanitha kwenye simu, kwa Kiingereza chao cha wasomi, kwamba watakuja "few". Joanitha akamsomea mama yake jikoni, nami nikiwepo.

"Hiyo 'few' ni watu wangapi?" Evaresta akauliza.

"Haina idadi, mama. Ni wachache."

"Wachache kumi au wachache arobaini?"

"Haisemi. Kwa Kiingereza ukisema 'few' peke yake, ni kama unasikitika, wamepungua. Ukisema 'a few', unashukuru, si wengi lakini wapo."

"Na Jovitus ameandika ipi?"

Joanitha akatazama simu. "Ya kusikitika. Lakini mama, wana haraka wakiandika kwenye simu, huwezi kujenga nyumba juu yake."

"Kumbe na Waingereza hupika bila kujua wageni," dada yangu akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Kumwuliza mkwe waziwazi "mko wangapi" haiwezekani. Ni kumwambia unamhesabia matonge. Kwa hiyo ikabidi atumwe mtu, mwerevu, mtulivu, msiri, asiyeropoka. Hakupatikana. Nikatumwa mimi.

Nikapanda bodaboda kupitia Omurushaka, vumbi likaniingia hadi kwenye nia. Kamuli nikajifanya natafuta machipukizi ya migomba, nikapata mwenyeji ambaye uzio wake umepakana na kwao Jovitus. Mungu si mchoyo: nilifika saa ileile bibi yake Jovitus amekaa uani anapanga safari. Bibi huyo anaitwa Mukakalisa. Ni mdogo kama kuku, sauti kama kengele ya kanisa.

"Mjukuu wangu wa kwanza kuoa!" anasema. "Nani abaki nyumbani? Kufanya nini? Migomba haikimbii!"

Akaanza kutaja majina, huyu atabeba vibuyu vya rubisi, huyu mbuzi, huyu atakaa mbele ya lori. Mimi nyuma ya uzio nilikuwa na mahindi mkononi, ya mwenyeji wangu, alikuwa akipukuchua. Kila jina likitajwa, punje moja mfukoni. Sikutumia kidole, sikumwitia mtu maafa. Alipomaliza nilikuwa na punje themanini na nne.

Nikarudi Ihanda mbio, siku mbili kabla. Nikamkuta anachagua mikungu shambani.

"Dada," nikasema, "themanini na nne."

Hakugeuka. "Themanini na nne nini?"

"Wageni. Na lori lao wanalifagia, nimeliona."

Sasa akageuka, uso umelainika kwa furaha. "Themanini na nne gawanya kwa nne, ishirini na moja. Na yule kijana amesema wachache. Wachache wa watu wa Kamuli ni kama ishirini. Yanakubaliana! Ahsante sana, mdogo wangu."

"Dada, usigawanye! Leo ni kamili!"

"Siku zote ni kamili."

"Tazama mahindi!" Nikayamwaga kwenye kiganja. "Kila punje mtu mmoja!"

Akayatazama, akanitazama. "Mahindi mazuri," akasema. "Umeyaokota wapi?"

Nikaapa. Nikaapa kwa kaburi la baba yetu, nikaapa kwa Mtakatifu wangu, nikaapa kwa meno yangu. Kosa likawa hapo hapo, maana alijua mimi huapa hasa ninapodanganya. Ukweli nilikuwa sijawahi kupata nafasi ya kuuapia. Akanipigapiga begani. "Nitapikia wageni thelathini, wasije wakasema tuna mkono mfupi. Na sisi wenyeji ishirini. Mkungu mmoja watu kumi. Mikungu mitano."

Nilikaa juu ya kisiki nikiwa na mahindi yangu. Hujui upweke mpaka uwe mwongo mwenye ukweli mfukoni.

Jumamosi ikafika. Turubai limefungwa, mabenchi ya kigango yamepangwa. Jikoni nyuma ya nyumba Evaresta na wanawake wanane wamefunika vyungu kwa majani ya migomba, mvuke unatoka taratibu, harufu inakuita kwa jina. Mpishi kwetu hatoki jikoni mpaka chakula kitoke, kwa hiyo hakuona barabara. Mimi niliiona. Lori lilipiga honi kule chini kwenye mteremko, likapanda likiguna, likasimama. Wakaanza kushuka. Wakashuka. Nikaenda kuwasha kiko, nikarudi, walikuwa bado wanashuka. Bibi Mukakalisa alishushwa wa mwisho, amebebwa kama monstransi kwenye maandamano ya Ekaristi.

Sikumwambia Evaresta kitu. Angegawanya.

Benadeta, jirani yake wa miaka yote, akapita na kikapu cha kahawa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona ya nyumba, naona huku na huku, na hiki nilikiona kwa macho yangu. Benadeta alirudi jikoni na kikapu kimegeuzwa juu chini.

"Kimeisha," akasema.

Evaresta alikuwa ameinama anachochea moto. "Kimeisha kimefika wapi?"

"Benchi la tano."

"Mabenchi yaliyojaa ni mangapi?"

"Usinihesabishe watu, dada. Nipe kingine."

Akakijaza tena, mia nyingine, mikono yake ikiwa imara bado. Benadeta akaenda, akarudi. Evaresta akamwaga zilizobaki kwenye ungo, akazipitisha haraka kwa kidole. Zilikuwa arobaini na nne. Nikaona midomo yake inatembea. Hamsini wa kikapu cha kwanza. Hamsini na sita zimechukuliwa kwenye cha pili, gawa kwa mbili, ishirini na wanane.

"Sabini na wanane," akasema polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye msalaba.

Wanawake wakaacha kila walichoshika. Chungu kikawa kinachemka peke yake. Akakaa kwenye kigoda, dada yangu ambaye hakai, na macho yakaenda yenyewe kwenye ile sahani ya bluu iliyotundikwa ukutani. Halafu yakaja kwangu pale konani.

"Mutalemwa. Njoo hapa."

Nikaenda. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilikuwa nayo mengi, mazuri, ya kumkumbusha kisiki na mahindi. Nilipoona uso wake nikayameza.

"Yale mahindi unayo?"

"Ninayo."

"Samahani utaipata baadaye, sasa sina muda nayo." Akainuka. Mkono ukashika kiuno, na nikamjua tena. "Benadeta, mikungu mitano mingine. Ule wa karibu na choo, miwili ya kwenye mtaro, na wewe ukate miwili kwako. Vijana wabebe, wanawake wote visu. Yale matumbo ya mbuzi tuliyojiwekea sisi wapishi, yakatwe, yaingie kwenye vyungu vipya pamoja na ndizi."

"Hicho chakula ni chetu, dada," msichana mmoja akasema.

"Kilikuwa chetu." Akanigeukia. "Kumenya na kuiva, nahitaji zaidi ya saa moja. Huko mbele nani anatusemea?"

"Mzee Mwesiga."

Wanawake wote wakaguna. Mzee Mwesiga ni mkubwa wa ukoo wetu, mtu wa heshima, na amejaliwa maneno kumi kwa siku. Angesema "Karibuni, tumewaona, binti ni huyu, tuleni." Vyungu vingekuwa bado vinalia.

"Nenda ukamwombe nafasi," dada yangu akasema. "Uongee wewe."

"Niongee nini?"

"Vyote."

"Viboko?"

"Na viboko."

"Arobaini au kumi?"

Hapo alinishika shati, kwenye kola, akanivuta mpaka tukawa uso kwa uso, na ana mikono ya kumenya ndizi yule. "Wataje wote uliowahi kuwaona na ambao hujawaona. Leo sigawanyi. Ongea mpaka Benadeta akuletee kikapu cha kahawa. Ukikiona, ukate hapohapo. Ukikata kabla, Joanitha ataolewa na aibu yangu."

Miaka hamsini na minane nimeishi duniani, na mtu hajawahi kunipa ruhusa ya namna hiyo. Nilitembea kuelekea turubai miguu ikiwa haigusi ardhi.

Mzee Mwesiga alinipa nafasi kwa furaha, alikuwa ameshatumia maneno manne. Nikasimama. Nikawaona wote sabini na wanane, mbele kabisa mshenga wao Lameck, mrefu, mkavu, ametazama saa yake mara mbili tayari. Nikaanza na babu yetu aliyehamia Ihanda akifuata ng'ombe mmoja. Nilipofika katikati ng'ombe walikuwa mia. Nikaeleza kila mlima alioupita, na mingine nikaileta kutoka mbali ili aipite. Lameck akakohoa.

"Ndugu mwenyeji," akasema, "sisi tulikuwa na maneno machache tu."

"Maneno machache!" nikasema. "Kama watu wachache waliokuja na lori?"

Turubai likacheka lote. Lameck mwenyewe akaficha mdomo kwa kofia. Nikajua nimewapata. Nikawaambia habari ya viboko arobaini wa mto Kagera, jinsi nilivyopita katikati yao nikiwaamkia kwa umri, mkubwa kwanza. Bibi Mukakalisa alicheka mpaka mtandio ukadondoka.

"Na hukuliwa?" akauliza kwa sauti ile ya kengele.

"Waliniuliza kama nimekuja na dada yangu, mama. Nilipowaambia hapana, wakaniacha. Wanamwogopa."

"Dada yako ni yupi?"

"Ndiye anayewapikia. Vyungu vyake vinaiva polepole kwa sababu ndani mna heshima, na heshima haiivi upesi."

Hapo nilitazama kona. Hakuna kikapu. Moshi ulikuwa umeongezeka nyuma ya nyumba, na visu nikavisikia, ka, ka, ka, kama mvua ya kwanza kwenye majani. Nikaeleza mwaka wa senene wengi waliofunika jua, nikaeleza jinsi nilivyofundisha jogoo kukohoa. Nikaanza kuishiwa, nakwambia ukweli. Mtu aweza kudhani uongo ni kisima. Ni mtungi, una mwisho. Joanitha alikuwa ameketi upande wa wanawake, mikono mapajani, hajui kitu, anafikiri mjomba wake amerukwa na akili siku yake kuu. Nilipomwona hivyo maneno yakaniacha. Lameck akaanza kuinuka.

Basi nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Niliingiza mkono mfukoni nikatoa mahindi.

"Ndugu zangu wa Kamuli," nikasema, "nilikuwa nyuma ya uzio wenu juzi." Nikawaeleza yote, isipokuwa ile mikungu mitano. Bibi kupanga safari, punje moja kwa kila jina, kisiki, kanuni ya kugawanya kwa nne. Hapo sikuongeza hata kitu, na ajabu ni kwamba ndipo walipocheka zaidi, wengine machozi. Bibi Mukakalisa akataka ayaone mahindi. Akayahesabu mwenyewe kwenye pindo la kanga.

"Themanini na nne? Sisi tumekuja pungufu ya hapo!"

"Mama, wewe ndiye uliyetaja."

Akafikiri, halafu akajipiga paja. "Yee! Kuna sita niliwataja kwa jina la ubatizo, nikarudia kuwataja kwa jina la ukoo!"

Kwa hiyo hata ukweli wangu ulinona njiani, lakini mnenepeshaji hakuwa mimi. Nataka hilo liandikwe, na nimeliandika.

Na hapo, kwenye kona ya nyumba, nikamwona Benadeta. Ameshika kikapu kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Nikachukua punje zangu mbili.

"Nimemaliza," nikasema. "Karibuni chakula."

Walikula wote. Ndizi zilitoka zikifuka kwenye majani, nusu kwa maharage, nusu zikiwa na matumbo ya mbuzi ndani, na hakuna mgeni aliyejua kwamba ile ya pili ilizaliwa katikati ya hadithi za viboko. Lameck alifunika sahani kwa kiganja. Bibi Mukakalisa alisema "kidogo tu" mara tatu, na mara tatu alijaziwa. Wapishi wakala, wakiwa wamesimama. Lori likaondoka jua likiwa bado juu, wanaimba.

Nikaenda jikoni. Evaresta alikuwa peke yake, ameinama kwenye chungu cha mwisho na ile sahani ya bluu mkononi. Alikuwa hajakwangua bado. Joanitha alisimama mlangoni. Ameshaambiwa na Benadeta, alikuwa amelia na kucheka.

"Mama, kwangua basi."

Akakwangua. Nilisikia mwiko ukigonga chini, mara moja, mara ya pili. Halafu akatoa sahani. Zilikuwamo ndizi tatu na kijiko cha maharage.

Tukazitazama sote watatu.

"Hizo sasa ni zile za kushukuru, mama," Joanitha akasema kwa sauti ndogo. "Si nyingi, lakini zipo."

Dada yangu alimpa binti yake moja, akanipa mimi moja, ya tatu akala mwenyewe, amekaa chini, amenyoosha miguu. Alipomaliza akajifuta mikono. "Samahani yako," akaniambia, "nilisema utaipata." Na akanipa kijiko chote cha maharage.

Joanitha yuko Kamuli sasa, na hakuna anayemwambia habari ya mkono mfupi. Wanamwambia habari ya mjomba. Evaresta bado anapika, jana tu alikuwa kwenye kipaimara, na kanuni yake hajaifuta, ameirekebisha kidogo. Sasa anasema neno la Mutalemwa gawanya kwa nne, isipokuwa akiwa na mahindi. Mimi sina kinyongo. Nina jina kubwa kule ng'ambo. Maana siku ile nilisimama pale mbele ya wakwe nikaongea masaa matano mfululizo bila kumeza mate, na mpaka leo ukifika Kamuli ukataja tu jina la Mutalemwa, watatoka nje watu mia tatu, wengine wakiwa wamebeba mbuzi, na

"Wangapi?" dada yangu anauliza, kisu kimesimama juu ya ndizi.